Sura ya Saba: Dhiraa na Shibiri

Chumba cha nyumba ya mawe ya Amu hakikupimwa na mwashi, kilipimwa na mkoko. Boriti, hata ikiwa imenyooka na imekauka vyema, haivuki sana pima moja na nusu kabla ya kuanza kulegea chini ya dari ya mawe na chokaa. Basi chumba kikawa chembamba na kirefu, nyumba ikafuata chumba, na mtaa ukafuata nyumba. Ndiyo sababu hata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, punda wawili wenye mizigo ya mawe wakikutana hapo, mmoja lazima asubiri. Vichochoro vinavyotoka pembeni havina hata nafasi ya kusubiri.

Nimeanza na boriti kwa kuwa bunduki nayo, kama chumba, huanza na urefu. Mengine yote, yaani uzito, kasi, shabaha na bei, huja baada ya swali hilo. Katika sura hii nitapima kwa vipimo vya nyumbani: shibiri, kutoka ncha ya dole gumba hadi kidole cha mwisho; shibiri mbili ni dhiraa, yaani mkono tangu kiwiko hadi ncha ya vidole, sentimita 46 hivi; dhiraa nne ni pima. Msomaji asiye na futi karibu ana mkono.

Bunduki walizozijua wazee wetu zilikuwa ndefu. Gobori lilipita dhiraa tatu, likipakiwa kwa mdomoni: baruti, kitambaa, risasi, kisha mdeki wa kushindilia. Silaha inayopakiwa hivyo humtaka mtu asimame, aikite kitako chini, na apate muda ambao adui hana nia ya kumpa. Kabla ya fataki kufika kulikuwa na gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe, na iliyokataa kuwaka kila unyevu wa kusi ulipoingia kwenye baruti. Jina lake halikufa. Siku hizi ukisikia mwanamke akimwita mumewe gumegume, ujue bunduki hiyo bado inanyamaza mahali fulani.

Kwa bunduki za aina hiyo Witu ilijaribu kusimama. Ahmed Fumo Luti, aliyeitwa Simba, Mnabahani wa Pate, alijijengea usultani wake bara, msituni, ambako urefu wa gobori haukuwa aibu. Mwaka 1885 akajiweka chini ya ulinzi wa Ujerumani. Julai 1890 Wajerumani wakaiachia Uingereza Witu katika mkataba uliowapa kisiwa cha Heligoland. Na Septemba mwaka huohuo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake wakauawa huko, enzi ya Fumo Bakari, mrithi wa Simba. Mwezi mmoja baadaye Admirali Fremantle wa Uingereza aliteremsha wanamaji pwani, na tarehe 27 Oktoba Witu ikachomwa moto. Bunduki za wanamaji hao zilipakiwa nyuma, risasi na baruti zikiwa ndani ya ganda moja. Tofauti ya siku ile haikuwa ya ushujaa, ilikuwa ya sekunde: mmoja anashindilia, mwingine ameshafyatua mara kadhaa.

Silaha fupi pia zilikuwapo. Tabanja, bastola ya kuchomekwa mshipini kando ya jambia, ilikuwa pambo la mwungwana zaidi kuliko chombo cha vita. Ukishafyatua risasi yake moja, imebaki rungu. Ilichukua muda mrefu kabla ya mtu kufikiri kuwa kitu kifupi kinaweza pia kutema risasi mfululizo. Na wazo hilo lilipokuja lilizaliwa mahali pembamba, ndani ya mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, ambako askari mwenye bunduki ndefu hakuweza kugeuka bila kugonga ukuta wa udongo. Mwaka 1918 Wajerumani waliingiza vitani MP 18, kazi ya Hugo Schmeisser katika kiwanda cha Bergmann. Ilitumia risasi ya bastola, si ya bunduki, na ndani yake hapakuwa na kufuli la werevu wowote: kipande kizito cha chuma, bolti, na spiringi nyuma yake. Bolti inakwenda mbele, inaokota risasi, inaipiga. Nguvu ya mlipuko inaisukuma irudi. Spiringi inairudisha tena. Uzito wa chuma ndio unaoshikilia kila kitu kwa ule upesi wa kupepesa jicho. Anayeelewa hilo ameelewa karibu kila bunduki nitakayoitaja kuanzia hapa.

Waingereza waliidharau silaha hiyo kwa miaka ishirini. Mwaka 1940, baada ya kukimbia Dunkirk na kuacha zana zao ufukweni, hawakuwa na muda wa dharau. Kiwanda cha Sterling, Dagenham, kando ya London, kikanakili MP 28, toleo lililofuata la ile ya Kijerumani, karibu kipande kwa kipande, kikaiita Lanchester: nzito, ya kitako cha mbao, na sehemu ya kupachika magazini imetengenezwa kwa shaba kama birika la wageni. Jeshi la majini ndilo lililoichukua. Kisha 1941 ikaja Sten, ambayo Reginald Shepherd na Harold Turpin waliibuni kwa nia moja tu, itoke kwa wingi na kwa bei ya kutupa. Ilitoka zaidi ya milioni nne. Ilikuwa bomba lililochomelewa, na askari wenyewe waliifananisha na takataka za karakana ya mafundi bomba. Ilikwama walipoihitaji, na ilijifyatua ilipoanguka sakafuni, jambo ambalo kwa silaha ni sawa na jahazi kuzama likiwa bandarini.

Aliyesahihisha makosa hayo hakuwa mtu wa silaha. George Patchett alikuwa mbunifu wa pikipiki. Kabla ya vita alifanya kazi Czechoslovakia katika kampuni ya Jawa. Masikio yetu husikia kisiwa katika jina hilo, kumbe ni silabi za mwanzo za Janeček, mwenye kiwanda, na Wanderer, chapa ya pikipiki aliyoinunua. Mtu wa pikipiki huijua mitikisiko, hujua joto la chuma linavyotanuka, na hujua kwamba vumbi litaingia hata ukiziba vipi. Patchett alipoingia Sterling wakati wa vita hakujaribu kulizuia vumbi. Aliichonga bolti yake mbavu zilizopinda kama za parafujo pana, ili kila ikienda na kurudi ikwangue uchafu na kuusukuma kando, kama meno ya mbuzi ya nazi yanavyokwangua kifuu. Mtu aliyewahi kutembea Shela siku ya upepo, na kurudi na mtanga hadi ndani ya masikio, ataona thamani ya ubunifu huo bila kuelezwa.

Jambo lake la pili ni magazini. Ilichukua risasi 34, imepinda kama pembe, na ndani yake, badala ya kibao cha kusukuma risasi juu, aliweka magurudumu mawili madogo yanayobiringika. Sten ilikwama zaidi kwa magazini kuliko kwa kitu kingine chochote. Ya Patchett ilitiririka. Magazini hiyo inaingia ubavuni, mkono wa kushoto, wala si chini. Amu inajua vitu vya ubavuni: siwa zetu, ile ya shaba na ile ya pembe ya Pate, hupulizwa ubavuni, si mwishoni kama tarumbeta. Sababu za bunduki ni nyingine. Magazini ikiwa ubavuni, askari anaweza kulala kifudifudi bila kuichomeka ardhini.

Mtutu umezungukwa na bomba lenye matundu ya kupoza. Mshiko uko katikati, mahali uzito unapojipima wenyewe, hivi kwamba mkono mmoja waweza kuibeba bila kuinama upande. Kitako cha chuma hukunjwa kikalala chini ya bomba. Kikifunguliwa, bunduki nzima ni sentimita 69, yaani dhiraa moja na shibiri. Kikikunjwa, ni 48: dhiraa na kidole kimoja. Uzito wake mtupu ni kilo 2.7. Kasi yake, risasi 550 kwa dakika, si ya kujigamba, na huo ndio uzuri wake, kwa sababu mtu wa kawaida anaweza kuitawala. Na kwa sababu ambayo sijawahi kuielewa vizuri, juu ya kitu hiki kifupi Waingereza waliweka pia mahali pa kuchomeka singe. Pengine jeshi haliamini kuwa silaha ni silaha mpaka iwe na kisu mbele.

Jeshi la Uingereza liliipokea rasmi 1953, kwa jina la L2A1. Mwaka huo Kenya ilikuwa ndani ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na bunduki ya Patchett ikaja huku mapema, ikiwa bado inaitwa kwa jina la mwenyewe. Ndiyo maana sisi hatukuiita Sterling, kwa jina la kiwanda. Nchini Kenya, kuanzia vituo vya polisi hadi kwenye habari za magazetini miaka mingi baada ya uhuru, ilibaki pacheti, kama vile mfanyabiashara asahauliwe na bidhaa ikachukua jina lake.

Upande wa pili wa vita vya Hali ya Hatari, msituni Nyandarua na Kirinyaga, mafundi wa Mau Mau walikuwa wakitengeneza bunduki zao kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa tairi. Watu huzicheka wanapoziona katika majumba ya makumbusho, na mimi sioni cha kucheka. Sten ilitoka katika fikira ileile, kwamba bomba ni bomba; tofauti ni kiwanda. Bunduki hizo za msituni mara nyingi zilikuwa hatari kwa aliyezishika kuliko kwa aliyelengwa, lakini sheria haikujali. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kupatikana na silaha kulitosha kumtia mtu kitanzi. Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, hakuhukumiwa kufa kwa kuongoza vita. Alihukumiwa kwa bastola moja, kitu cha shibiri.

Vita hivyo vilifika hadi Amu kwa njia yake. Takwa, katika kisiwa cha Manda, kando ya magofu ya mji wa kale, Waingereza waliweka kambi ya kuwafungia viongozi waliowaona hawalainiki. Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi wa Kikuyu, aliandika kumbukumbu zake humo, na kitabu alichokitoa kutokana nazo kikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Mwaka huohuo Ngome ya Amu, iliyokuwa jela tangu 1910, ilikoma kuwa jela. Wenyeji wangali wakiiita Gereza, na hawajakosea.

Ami yangu alikuwa askari polisi miaka ya baada ya uhuru, na alihudumu kwanza bara, kisha hapa nyumbani. Nilimwuliza siku moja barazani kama pacheti ilikuwa nzito. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya bahari.

“Uzito si kitu, mwanangu. Ile magazini.”

“Ilikwama, ami?”

“Haikukwama risasi. Ilikwama mlangoni. Ukiivaa begani na magazini imo, kushoto kwako umeota pembe. Ukipishana na punda usiku, ama umkwaruze yeye, ama ujikwaruze ukutani. Shati langu upande wa kushoto lilikuwa na chokaa mwaka mzima.”

Basi silaha iliyobuniwa ikipunguzwa shibiri kwa shibiri ili iwe nyembamba ilikuja kuzidi upana katika mji wa boriti. Sijui kama kule Dagenham kuna mtu aliyewahi kufikiria punda.

Maumbo yake yaliyofuata niyapitie upesi, kwa kuwa mengi ni ya marekebisho madogo. L2A2 ilikuja na kupita. L2A3 ya mwaka 1956 ndiyo iliyodumu hadi miaka ya 1990. Kanada ilitengeneza ya kwake ikaiita C1. India nayo ikatengeneza ya kwake. Kiwanda cha serikali ya Uingereza huko Fazakerley, karibu na Liverpool, kiliitengeneza kwa wingi, na Patchett ikambidi aende mahakamani kudai malipo ya ubunifu wake kwa serikali hiyohiyo iliyoishika bunduki yake mkononi. L34A1 ilikuwa ya kunyamazisha: mtutu wake umetobolewa matundu ili gesi itoke kabla ya kuipa risasi kasi ya kuvunja sauti. Watengenezaji wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 walizipamba Sterling halisi kwa vipande vya plastiki wakawapa askari wao wa angani, kwa hiyo hata mtoto wa Langoni aliyewahi kutazama filamu hiyo ameshaiona pacheti bila kuambiwa.

Zile zilizouzwa nje zilikwenda nchi nyingi, na bunduki haina uaminifu kwa aliyeiuza. Tarehe 17 Aprili 1984 askari wa kike, Yvonne Fletcher, alipigwa risasi akiwa amesimama nje ya ubalozi wa Libya katika uwanja wa St James's, London. Risasi zilitoka dirishani. Wachunguzi walisema zilitoka kwenye Sterling.

Umbo ambalo hasa limenifanya niandike sura hii lilikuja mwishoni, kampuni ilipokuwa ikitafuta wateja. Waliiita Mark 7, Para Pistol, bastola ya makomando na ya askari wa nguo za kiraia. Walichofanya ni kukata. Mtutu wa pacheti ya kawaida, karibu sentimita 20, ukapunguzwa hadi 11 hivi, nusu ya shibiri. Kitako kikaweza kuondolewa kabisa. Ikawa kitu cha kuingia chini ya koti, chenye uwezo wa kutema magazini nzima.

Hapa ndipo hesabu ya silaha fupi inapoonekana wazi. Ukikata mtutu, risasi inatoka na kasi ndogo na mlipuko unawaka usoni. Ukisogeza kilenga cha mbele karibu na cha nyuma, kosa la upana wa nywele mkononi linakuwa kosa la upana wa mlango kule mbele. Ukiondoa kitako, bega limetoka kazini, na viganja havina nguvu ya bega. Na ukiipunguza bolti ili itoshe ndani ya umbo dogo, kipande chepesi kinachosafiri njia fupi huenda na kurudi haraka zaidi, kwa hiyo silaha ndogo hupiga kasi kuliko kubwa, wakati ambapo ina kila sababu ya kupiga polepole. Uzi ya Uziel Gal, iliyopokewa na jeshi la Israeli 1954, ilipiga risasi 600 kwa dakika; ilipofupishwa ikawa Mini Uzi, 950; ilipofupishwa tena mwaka 1986 ikawa Micro Uzi, zaidi ya 1,200. Kwa kasi hiyo risasi 20 zinakwisha ndani ya sekunde moja. Mtu hawezi kulenga kwa sekunde moja. Anaweza kuelekeza tu, na baada ya hapo ni kazi ya bahati, na walio karibu.

Aliyelielewa tatizo hili kuliko wengine wote ni Miroslav Rybář, Mcheki, aliyebuni Škorpion iliyopokewa 1961 kwa madereva wa vifaru na watu wa usalama. Ina sentimita 27 kitako kikiwa kimekunjwa juu yake kama mkia wa nge, shibiri na kidogo, na kilo 1.3 tu. Rybář alichagua risasi dhaifu, ya milimita 7.65, ili bolti nyepesi iimudu, na ndani ya mshiko akaweka kipande chenye spiringi kinachoikamata bolti nyuma kwa kitambo kisichohesabika, kisha kikaiachia. Ni kama nahodha anayeshika pumzi ya tanga. Kasi ikatulia kwenye 850 hivi. Baadaye ilitengenezwa kwa risasi nzito zaidi, na Wayugoslavia wakaitoa kama M84 kwa leseni. Hata hivyo, silaha ambayo fundi wake aliifikiria hivyo ndiyo iliyopatikana baadaye mikononi mwa Brigedi Nyekundu za Italia, waliomuua Aldo Moro Mei 1978. Ufupi unaomfaa dereva wa kifaru humfaa pia mtu anayeficha kitu chini ya blanketi.

Sterling ilifunga milango mwishoni mwa miaka ya 1980, na jeshi la Uingereza likaiacha L2A3 mwaka 1994. Kwetu mambo yalikuwa yamegeuka tayari. Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, bunduki zilizovuka mpaka hazikuwa fupi. Zilikuwa AK, na katika shambulio la Mpeketoni, Juni 2014, zilikuwa bunduki za kivita. Pacheti ikabaki kitu cha kutajwa na polisi mara mojamoja, imeokotwa mikononi mwa majambazi mjini Nairobi, namba zake zimekwanguliwa.

Mwezi uliopita nilinunua fito nne sokoni, nikazikata kwa vipimo. Moja dhiraa tatu na shibiri, gobori. Moja dhiraa na shibiri, pacheti iliyofunguliwa. Moja dhiraa na kidole kimoja, pacheti iliyokunjwa. Ya mwisho shibiri na kidogo, nikaitia mfukoni mwa kanzu. Nikatoka asubuhi kabla jua halijapanda, kutoka Mkunguni nikashika Usita wa Mui, kisha nikaingia kichochoro cha nyuma ya kwetu. Njia pale ni dhiraa mbili na nusu. Gobori halikulala mapana. Lilibaki limesimama kama mlingoti, na mara mbili liligonga dari ya wikio, chumba kinachovuka juu ya njia. Pacheti iligeuka vizuri mpaka nilipokumbuka kuipa pembe yake ya kushoto kwa mkono wangu mwingine. Ile ya mfukoni sikuihisi.

Bibi mmoja alikuwa akifagia mbele ya daka lake. Aliacha fagio akanitazama mimi na fito zangu.

“Mwanangu, wapima nini?”

“Njia, bibi.”

“Basi waambie walioitoa baraza yao pale mbele kwamba imepungua.”